Filamu za visa vya kweli: watayarishaji waruhusiwe kubadili hadi wapi?

MLETA MADA
Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Maneno "kisa cha kweli" yakitokea mwanzoni mwa filamu, utazamaji wetu hubadilika palepale. Mhusika akifa, huwezi kujifariji kuwa ni hadithi tu. Ndiyo maana nazipenda filamu hizi kuliko nyingine zote. Lakini mvuto wake wote unatokana na imani yetu, na imani hiyo inachezewa.

Chukueni Argo ya 2012, iliyotwaa Oscar ya filamu bora, kuhusu Wamarekani sita wa ubalozini waliojificha na kisha kutoroshwa Tehran, Iran, mwaka 1980. Pale mwishoni askari wanaifukuza ndege kwa magari uwanjani. Haikutokea, ndege iliondoka bila kufukuzwa. Hilo nalimeza. Linalonikwama kooni ni filamu kudai kuwa Waingereza waliwakataa, ilhali waliwapokea kwa muda, na kupunguza kazi ya balozi wa Kanada, Ken Taylor, ili sifa ziende kwa afisa wa CIA.

Msimamo wangu ni huu: mwongozaji abane muda, aunganishe watu watatu kuwa mhusika mmoja, atunge mazungumzo ambayo hakuna aliyeyarekodi. Asiguse nani alifanya nini. Sifa za mtu na lawama za mtu si mali ya mwandishi wa muswada.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, hapo unataka filamu iwe jalada la mahakama. Anayetaka tarehe na vielelezo atafute filamu za hali halisi, zipo nyingi. Bohemian Rhapsody inamwonyesha Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, akiwaambia wenzake kwamba ana UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid, Julai 1985. Kwa simulizi ya mwenzi wake, Jim Hutton, majibu ya vipimo yalikuja 1987. Tarehe si sahihi, lakini ule ujasiri wa kuendelea kuimba na kurekodi huku mwili unakwisha ni wa kweli kabisa. Nani kaonewa hapo?

MCHANGIAJI WA PILI
Namuunga mkono mleta mada, na nina mfano unaoniuma zaidi ya huo. Katika Hidden Figures, bosi Mzungu anavunja bango la choo cha Weusi ili Katherine Johnson, mwanahisabati Mweusi wa NASA, shirika la anga la Marekani, asikimbie tena hadi jengo la mbali. Ukumbi mzima unapiga makofi. Bosi huyo ni wa kubuni na tukio hilo halikuwepo. Johnson alieleza kuwa alitumia vyoo vya Wazungu tangu mwanzo, na malalamiko yalipokuja hakuyajali. Yaani mwanamke aliyejipa haki yake mwenyewe amegeuzwa wa kusubiri mkombozi! Huko si kubana muda. Ni kumpokonya mtu ushujaa wake na kumkabidhi asiyekuwepo.

MLETA MADA
Hapo umegusa penyewe. Na wanaosema hakuna anayeumia wakumbuke kesi ya London mwaka 1934. Binti mfalme Irina Yusupov aliishitaki kampuni ya filamu ya MGM kwa filamu kuhusu Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa Urusi, iliyomchora mhusika aliyetambulika kuwa ni yeye kana kwamba alibakwa. Alishinda na kulipwa pauni 25,000. Filamu hiyo ilikuwa imejinadi kwamba baadhi ya wahusika wake wangali hai. Baada ya hapo ndipo ilipoenea ile kauli kwamba wahusika wote ni wa kubuni. Hiyo ni kinga ya kampuni. Ya mtazamaji iko wapi?

MCHANGIAJI WA TATU
Mimi nataka kujua tuchague vipi. Binafsi huanza na filamu zinazosimulia tukio fupi, kwa kuwa maisha ya mtu ya miaka sitini hayaingii katika saa mbili bila kukatwakatwa. Kisha natafuta waliokuwepo wanasema nini. Ila hata tukio fupi lina mitego: Sully inasimulia ndege iliyotua mtoni New York mwaka 2009, watu wote 155 wakapona, lakini wachunguzi wa ajali walilalamika kwamba wamechorwa kama maadui wa rubani.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Na waliokuwepo wakitofautiana je? Hotel Rwanda ya 2004 inamwonyesha Paul Rusesabagina akiokoa zaidi ya watu elfu moja hotelini Kigali wakati wa mauaji ya 1994. Wapo manusura wanaomshukuru, na wapo wanaosema aliwatoza fedha. Mleta mada, kwa kanuni yako ya kutogusa nani alifanya nini, mwongozaji angemwamini nani kati yao? Au filamu hiyo isingetengenezwa kabisa?