Mgonjwa wako aliwahi kukuomba afe? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, jana nilisikia watu wanabishana kuhusu kifo cha huruma, yaani mgonjwa asiyepona kusaidiwa afe, nikaondoka pale. Mama alikuwa na kansa ya kongosho. Usiku mmoja alinishika mkono akasema, "Mwanangu nimechoka, waambie wanimalize." Nikamwambia asiseme hivyo, nikatoka nje kulia. Mliouguza, mlijibu nini?

Binti Mkubwa: Pole ndugu yangu. Na mimi nilitoka nje.

Muuguzi wa Zamu: Tusichanganye mambo. Mgonjwa kukataa matibabu, au kuondolewa mashine isiyomsaidia tena, si sawa na daktari kumchoma sindano ya kumuua. Hiyo sindano Uholanzi na Ubelgiji ziliiruhusu kisheria mwaka 2002. Oregon, Marekani, tangu 1997 daktari anaandika dawa tu, mgonjwa anaimeza mwenyewe, tena baada ya madaktari 2 kukubaliana kuwa hana zaidi ya miezi 6.

Asiyeyumba: Kuua ni kuua. Uhai ni wa Mungu.

Binti Mkubwa: Kaka, wewe umeuguza nani?

Asiyeyumba: Baba yangu, miaka 6 amepooza. Nimemgeuza, nimemsafisha kwa mikono hii. Hakuomba kufa. Lakini angejua kuna mlango huo, angeuomba ili atupunguzie mzigo sisi. Ninachoogopa ni hicho.

Mjane: Sijawahi kuyasema haya. Mke wangu damu ilivujia kwenye ubongo. Siku 11 kwenye mashine ya kupumulia, daktari akasema hatazinduka. Zamani, tukitoka msibani, aliniambia, "Mimi usiniache kwenye mipira." Tulikuwa wawili tu, hakuna aliyesikia. Shemeji zangu walikataa, mmoja alinishika shati pale koridoni. Nikatia saini aondolewe mashine. Nilidhani atakata roho palepale. Alipumua mwenyewe dakika 40, na kila pumzi nilitaka kuwaambia wamrudishie mashine. Mama mkwe hajanisemesha mpaka leo.

Binti Mkubwa: Mungu akutie nguvu, baba.

Asiyeyumba: Mzee, pole sana. Wewe hukuua. Niliandika kwa hasira.

Mtoto wa Tatu: Kila mtu aandike mapema anachotaka, mbele ya mashahidi. Huyu baba angekuwa na karatasi, nani angemshika shati?

Bi Mdogo: Usiandike! Dada yangu alisema hataki mashine kamwe, alipougua akaitaka mwenyewe. Mtu mwenye afya hamjui mgonjwa atakayekuwa.

Mtoto wa Tatu: Basi angeibadilisha. Karatasi inasemea asiyeweza kusema.

Muuguzi wa Zamu: Mleta mada, maumivu ya mama yalitibiwaje?

Mleta mada: Vidonge vya kawaida. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, ilikuja wiki ya mwisho, tuliikataa mwanzoni, tukidhani ndiyo ya kumuua. Alipoipata alilala usiku mzima. Asubuhi akauliza wajukuu wako wapi. Lile ombi hakulirudia.