Mtoto katolewa majini Raskazone, mie nimebaki nimeshika simu tu. CPR, ile ya kukandamiza kifua na kupuliza mdomoni, nitajifunza wapi hapa Tanga?

mie_wa_sahare
Habari zenu wana jukwaa. Jumapili iliyopita tulikuwa Raskazone na familia, maji yamejaa, watoto wanaogelea kama kawaida yao, mara kelele, kuna mtoto haonekani. Vijana wawili wakazama wakamtoa, wa miaka 8 hivi, kalegea kama kitambaa, midomo imekuwa ya bluu, povu linamtoka. Basi hapo kila mtu kawa daktari. Mmoja kamshika miguu kamning'iniza kichwa chini eti maji yatoke, mwingine anamkandamiza tumbo, mama mmoja anapiga kelele leteni kitunguu anuse, na mie mtu mzima na cheti changu cha chuo nimesimama nimeshika simu sijui hata nampigia nani. Akatokea mzee mmoja mvuvi, akawasukuma wote, akamlaza mtoto chali mchangani akampulizia mdomoni, akapuliza weee, mtoto akatapika akaanza kulia. Wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya Bombo, na nasikia keshapewa ruhusa alhamdulillah.

Sasa tangu siku hiyo silali vizuri. Yule mzee asingekuwepo je? Naomba kujua, hii CPR naweza kujifunza wapi hapa mjini, na mbona yule mzee alipuliza tu hakukandamiza kifua kama tunavyoona kwenye video? Na ni kweli ukimgusa mtu akafia mikononi mwako polisi wanakuuliza wewe?

nesi_mstaafu
Pole sana kaka, na usijilaumu, kuganda hivyo kunawapata hata wanafunzi wetu wiki ya kwanza ya kazi. Mie nimefanya kazi idara ya dharura miaka mingi nikujibu kidogo.

Yule mzee alijua anachofanya kuliko nyie wote mliokuwepo. Mtu aliyezama moyo wake haukuanza kugoma wenyewe, kilichoisha ni hewa, moyo unafuata baadaye. Kwa hiyo kwa mzamaji tunaanza na pumzi, 5 za kwanza, halafu kama bado hapumui unaingia kifuani, unakandamiza mara 30, unapuliza 2, 30 kwa 2, hivyo hivyo mpaka apumue au wataalamu wafike. Kuna mafunzo mengine wanaanza na pumzi 2, msibishane hapo, mtu anasubiri. Ila mtu mzima kaanguka ghafla sokoni, kashika kifua kadondoka, huyo ni moyo, anza kukandamiza kifua mara moja, na kama unaogopa kuweka mdomo basi kandamiza tu bila kupuliza, ni bora mara mia kuliko kumpepea na kanga.

Kupuliza kwenyewe mnakosea hapa: kichwa lazima kirudi nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe, maana ulimi wa mtu asiyejitambua unaanguka nyuma unaziba koo. Bana pua, funika mdomo wake wote na wako, puliza kama sekunde moja huku unaangalia kifua kinapanda. Hakipandi, rekebisha kichwa. Povu lile achaneni nalo, mtalifuta mpaka kesho litatoka tu.

Kumning'iniza miguu juu na kukandamiza tumbo ACHENI. Yale maji mnayoyaona yanatoka ni ya tumboni, hayakuwa yanamuua, mkiyasukuma juu yanaingia mapafuni pamoja na wali aliokula mchana. Akitapika mwenyewe mgeuze ubavu, safisha mdomo, endelea. Na mlifanya vizuri kumpeleka hospitali japo alishalia, mtu aliyekunywa maji anaweza kuonekana mzima halafu baada ya masaa kifua kikamkaba.

bodaboda_barabara_ya_12
Dada nesi heshima yako lakini hayo ya darasani. Huku barabarani ukimgusa majeruhi watu wanakuja wanasema wewe ndo umemgonga, piki inachomwa moto. Mie nilishambeba mtu kaanguka na baiskeli nikamfikisha hospitali nikakaa pale na maswali mpaka magharibi, abiria wangu wote wa siku wamekwenda. Na hiyo CPR kwenye bajaji inafanyikaje na mashimo yale?

nesi_mstaafu
Haifanyiki mwanangu, ndo maana nasema anzia pale pale chini, kwenye sakafu au mchanga mgumu. Ubongo ukikosa hewa dakika 4 mpaka 6 unaanza kuharibika, na foleni ya bajaji tu dakika 3. Mmoja anakandamiza, mwingine anatafuta gari, mwingine anapiga simu. Namba ya dharura ni 112, zimamoto na uokoaji 114, na mjamzito au kichanga kuna 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa kuwafikisha hospitali. Ziandikeni kwenye simu leo, siku hiyo hamtazikumbuka wallahi.

Kuhusu maswali ya polisi, sikatai, yapo. Kwa ajali ile fomu ya polisi, PF3, itafuata, kwanza mtu apate huduma. Ukiwa na wenzio wawili watatu waulize majina yao na namba palepale, hao ndo mashahidi wako. Na wewe wa boda nikuombe kitu, mtu akianguka na helmeti msimvute mkono kumsimamisha kama mzigo wa mkaa, shingo ikiwa imevunjika ndo mnamalizia kazi. Mwacheni alale, mshikilieni kichwa kisicheze, kama hakuna moto wala gari linalokuja.

fundi_mitambo
Swali la wapi nakujibu mie. Kiwandani kwetu tulipelekwa mafunzo kwa sababu ya OSHA, sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003, sehemu ya kazi inatakiwa iwe na watu waliofundishwa huduma ya kwanza. Kwa hiyo kama umeajiriwa msumbue bosi wako kwanza, asikwambie hela hamna. Kama hujaajiriwa nenda Msalaba Mwekundu, wana tawi hapa Tanga, chama hicho kipo kisheria tangu 1962 na kufundisha huduma ya kwanza ndo kazi yao ya miaka yote. Kundi la watu kumi wakienda pamoja mnaongea vizuri zaidi kuliko mtu mmoja mmoja. Usiridhike na video, nakwambia mie niliangalia video nyingi kabla, siku nimewekewa ule mdoli wa mpira nikakandamiza kwa nguvu zangu zote mwalimu akaniambia bado, hujafika hata nusu. Ni sentimita 5 kwenda chini, haizidi 6, na unakwenda mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu 2 kila sekunde, na kila ukikandamiza uache kifua kirudi juu chote. Sasa sisi watu wa Tanga tuna taarabu mwilini, tulianza polepole kama tunatunza, mwalimu akacheka akasema mwendo wa mchiriku jamani huyu mtu anakufa. Baada ya dakika 2 mikono inatetemeka, ndo maana mnabadilishana.

Nyumbani nafanyia mazoezi kwenye dumu la mafuta la lita 5, tupu limefungwa kifuniko, nalivalisha fulana nalilaza sakafuni. Sio sawa na mdoli lakini mikono iliyonyooka na mwendo unavizoea. Usifanyie mazoezi kwa mtu mzima mwenye afya zake ukamvunja mbavu.

ummu_z
Asalam aleykum. Mie swali langu wengine wanaona haya kuuliza. Mwanamke amezama au kaanguka, na hapo wapo wanaume tu, sio maharimu wake, wampulizie mdomoni na kumshika kifua? Kwetu Ngamiani nimeona kabisa wanaume wamesimama pembeni wanasubiri aje mwanamke mwenzie. Na akikandamizwa kifua lazima avuliwe?

nesi_mstaafu
Waaleykum salaam, swali zuri sana mama. Dharura inahalalisha kilichokatazwa, hiyo kanuni hata sheikh wa msikiti wenu anaijua muulizeni aitaje siku ya Ijumaa mbele ya wanaume wote, itasaidia kuliko mie kuandika hapa. Akiwepo mwanamke anayejua aanze yeye, hakuna shida. Asipokuwepo hakuna kusubiri. Nguo nyepesi kama dera unaweza kukandamiza juu yake, mikono inakaa katikati ya kifua, kwenye mfupa, sio ubavuni kwenye ziwa. Wengine wasimame na kanga wazungushie pazia, kazi ya watazamaji iwe hiyo.

ummu_z
Shukran. Na dawa ya meno kwenye kuungua je, maana juzi mjukuu wangu kamwagikiwa na chai nikampaka, yani hata sikufikiri.

nesi_mstaafu
Hapana mama! Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, basi. Dawa ya meno, yai, asali, vyote vinatunza moto ndani na sisi hospitali tunaanza kukwangua mtoto analia. Na mtu wa kifafa msimtie kijiko mdomoni nimeshawaona wamevunjika meno, ondoeni vitu vigumu karibu, mlazeni ubavu, angalia saa, ikipita dakika 5 mkimbize hospitali.

dau_la_pangani
Mmesahau kitu kimoja nyie wote. Pangani huku tumezika wawili badala ya mmoja, kwa sababu aliyeruka kuokoa hakujua kuogelea vizuri na mzamaji alimkumbatia shingo. Sio kila mtu aruke. Dumu la lita 20 tupu na kamba mita 15, vikae juu ya kila ngalawa na pale wanapoogelea watoto, unarusha anashika unavuta, kazi imekwisha na hujalowa.

mie_wa_sahare
Nawashukuru wote, dada nesi Mungu akuzidishie. Nimemtafuta yule mzee, nilimkuta soko la samaki la Deep Sea anashona nyavu, nikamuuliza alijifunzia wapi, akasema alifundishwa na mzungu wa boti ya kuzamia zamani sana, mara moja tu, na hajawahi kuitumia mpaka Jumapili ile. Nimekwenda na Msalaba Mwekundu kuulizia, wanataka watu wafike idadi ndo waanze darasa. Tupo 6 mpaka sasa, wawili ni watoto wa dada yangu. Wa boda wa barabara ya 12 nakusubiri wewe, na fundi uje na hilo dumu lako la fulana. Dumu la lita 20 ninalo, kamba bado.