Naomba ushauri: kutunza na kuonesha mkusanyiko wa sarafu za taifa

Wadau, habari zenu. Nimekabidhiwa jukumu la kupanga mkusanyiko wa sarafu za taifa ambao wananchi wataruhusiwa kuuona. Suala la usajili halinitishi: kila sarafu itapewa namba yake, uzito, kipenyo, madini na picha za pande zote mbili.

Kinachoniumiza kichwa ni kabati la maonesho. Sarafu nyingi zilikuwa kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani unaonata juu ya shaba. Hiyo naitoa yote. Sasa fundi anapendekeza mbao za mwaloni na kitambaa cha sufu ndani. Kwa macho ni pazuri, lakini mwaloni hutoa mvuke wa asidi na sufu hutoa salfa inayofanya madini ya fedha yawe meusi. Je, kuna aliyetumia chuma kilichopakwa rangi ya unga (inayopulizwa ikiwa kavu kisha kuokwa) pamoja na kitambaa cha pamba kisichotiwa dawa? Na unyevu mnaudhibitije bila kiyoyozi cha saa zote, silika jeli (punje zinazofyonza unyevu) inatosha?

Pia watu watataka kuona pande zote mbili. Kioo cha kujitazamia chini ya sarafu, au nioneshe picha kubwa pembeni?

Kuna mkubwa anashauri tuzing'arishe kwanza. Hapo nimekataa, maana kusugua huondoa sura halisi na haiwezi kurudi. Nipeni hoja za kumshawishi kwa adabu.