Bima wananipa milioni 3.15, gereji inataka 5.4. Nisaini?

MamaParachichi, Uyole
Habari za jioni wakuu. Mwenye uzoefu na madai ya bima kubwa anisaidie kabla sijatia saini kitu.

Nina Probox ya kubebea parachichi kutoka Tukuyu. Nimeikatia bima kubwa, ya biashara siyo binafsi (nasema mapema, najua mtaniuliza), kwa thamani ya milioni 12. Mwezi uliopita napeleka mzigo Mbalizi, foleni imesimama mteremko wa Iwambi, lori la namba za Zambia likanivaa kwa nyuma. Mimi mzima. Kijana wangu aliumia shingo, tukachukua PF3 akatibiwa. Trafiki wakapima, na ramani ya ajali inaonyesha wazi kosa ni la lori.

Gereji Mafiati wameandika 5,400,000. Mkadiria hasara wa bima akaja, akazunguka gari dakika chache, akaondoka. Sasa wananiambia hasara ni 3,500,000, wakitoa eksesi, yaani sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, ya asilimia 10 nabaki na 3,150,000, nisaini karatasi ya dischaji hela iingie wiki hii. Nimezoea kubishana bei ya tenga Mwanjelwa, lakini huyu wa bima anaongea kama bei yake imeshuka na mvua. Nikikataa, wanaweza kuninyima yote?

NyasaBoy
Chukua hela dada, usepe. Ukibishana na kampuni ya bima utazeeka na gari likiwa juu ya mawe.

Kitonga_Juu, Iringa
Kamwene dada. Nimekaa dawati la madai kabla sijarudi kwenye mashamba yangu, nikueleze upande wa pili wa meza.

Kwanza, USISAINI. Ile dischaji inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho. Ukishasaini, hata fundi akikuta uharibifu mwingine kesho, mlango umefungwa. Kukataa kiasi siyo kufuta dai, wasikutishe.

Pili, omba kwa maandishi nakala ya ripoti ya mkadiria, kifaa kwa kifaa. Hapo ndipo pa kubishania. "Naona ni ndogo" haimsaidii ofisa madai, hana cha kupeleka kwa bosi wake. Lakini ukimwambia mlango wa buti umeuandikia kunyoosha 150,000 na hii hapa ankara ya duka inasema mlango mwingine ni 750,000, amepata pa kushika. Angalia pia kama bei za spea ni za Kariakoo bila nauli ya kufika Mbeya. Hilo nimeliona mara nyingi.

Tatu, hiyo 12 ilikuwa bei halisi ya gari? Mikataba mingi ya bima ina kifungu kwamba ukiandika thamani pungufu unalipwa kwa uwiano. Gari la milioni 16 ukiliandikia 12, wanakulipa robo tatu ya hasara. Kama ndiyo sababu ya punguzo, waseme.

Na lile lori ulizia kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi tumebaki, na NIC, Shirika la Bima la Taifa, ndiyo inayoshughulikia madai yake hapa nchini. Bima yako ikishakulipa, itakwenda kudai huko. Eksesi yako na gharama za shingo ya kijana ni haki yako kuzidai upande huo huo. Namba ya kadi iwe kwenye taarifa ya trafiki, vinginevyo lori likishavuka Tunduma utalitafuta kwa tochi.

FundiBodi_Soweto
Mama, mkadiria aliliona likiwa limefungwa au limefunguliwa? Probox haina chesisi ya peke yake kama Hilux, bodi ndiyo kila kitu. Likigongwa nyuma, zile mbavu za chini ya zulia la buti zinajikunja na kwa nje huoni kitu. Mwambie fundi wako ang'oe bampa, atoe zulia, apige picha, halafu umwite mkadiria arudi. Msiguse nyundo kabla hajaona!

MamaParachichi
NyasaBoy kaka, hilo gari ndilo linalolipa ada za watoto, siwezi kusepa.

Fundi, ubarikiwe. Tumefungua, mbavu zote mbili zimejikunja, na kwenye ripoti yake hazimo kabisa. Mlango wa buti ndiyo kama Kitonga alivyosema, kauandikia kunyoosha. Ule mlango haufungi hata kwa kamba.

Kitonga_Juu, Iringa
Andika barua, ambatanisha picha na ankara, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakigoma, TIRA, wale wasimamizi wa kampuni za bima, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hakutozi kitu, ila atataka kuona kwamba ulianza kulalamika kwa kampuni yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza muhuri.

MamaParachichi
Mrejesho wakuu. Mkadiria karudi, safari hii kapiga magoti. Wameongeza 700,000 za mbavu na wamekubali mlango mwingine. Hasara sasa 4,800,000, nikitoa eksesi napata 4,320,000. Nauli ya spea wamekataa katakata. Fundi wa Mafiati naye, alivyoona karatasi, kakumbuka kwamba rangi alikuwa ameikadiria kwa ukarimu, kashuka mpaka 4,900,000.

Kitonga, hiyo eksesi naanza kuidai kwenye kadi ya njano sasa hivi, au nisubiri hawa wanilipe kwanza? Dischaji bado iko kwenye pochi, haijaguswa kalamu.

Kitonga_Juu, Iringa
Anza sasa. Na kabla ya kusaini, waandike juu ya hiyo dischaji kwamba ni kwa uharibifu wa gari tu, eksesi na matibabu havimo.