Mama alitapeliwa WhatsApp, sasa ananificha kila kitu

Kitindamimba: Wadau, naombeni ushauri. Mama ana miaka 71. Wiki iliyopita alipata ujumbe kutoka namba ya shoga yake wa siku nyingi: "Kuna tarakimu 6 zimekuja kwako kwa makosa, nitumie." Akazituma. Kufumba na kufumbua, WhatsApp yake iko mikononi mwa mtu anayewaomba ndugu zetu mikopo kwa jina lake. Akaunti tumeirudisha. Lakini nilimfokea, nikamwambia simu ya kitochi inamtosha. Tangu siku hiyo nikiingia sebuleni anaigeuza simu kifudifudi. Juzi kapigiwa na namba ngeni, akaenda kuongelea chumbani. Nimlindeje bila kumnyang'anya? Wajukuu wako mbali, humo ndimo anamowaona.

Bibi Mstaafu: Mwanangu, nami yalinikuta. Aliyenipigia alinitaja jina kamili, mpole kweli, akanisihi nisikate simu wala nisimwambie mtu. Nilitaka kumuuliza binti yangu, nikakumbuka alivyonicheka mara ya kwanza. Nikanyamaza. Tapeli alipita hapo hapo. Kamwombe mama radhi, mengine baadaye.

Fundi: Bibi kasema kweli. Mkishapatana, kaeni pamoja, simu aishike yeye. Zile tarakimu 6 ni za kusajili namba yake kwenye simu nyingine. Kwenye mipangilio ya akaunti washeni uthibitisho wa hatua mbili, aweke PIN anayoijua mwenyewe. Hapo hata za SMS zikimponyoka, mwizi atakwama. Kagueni na vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yake, msichokitambua kiondoeni. Tazameni pia kama hajaelekezwa kupakua AnyDesk au TeamViewer. Ni programu halali, ila tapeli huzitumia kuona skrini yako na kuiendesha akiwa mbali.

Dada Mkubwa: Sisi tuna neno la siri la familia, maana siku hizi hata sauti ya mtoto wako huigwa kwa kompyuta. Asiyelijua neno, hapewi hata senti. Alichague mama, lisiwe jina lililoko mitandaoni.

Kitindamimba: Bibi, shikamoo. Nimemwomba radhi jana usiku. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akanionyesha ile namba ngeni mwenyewe. Mtu anajiita afisa wa benki, ameahidi kupiga tena kesho asubuhi "kukamilisha uhakiki". Tumekubaliana: akipiga, mama anakata, kisha anapiga yeye namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yake. Neno la siri ameshachagua. Kasema nitaambiwa wa mwisho.