Naomba ushauri: kanuni za kukagua matranka na makabati ya wanafunzi wa bweni

Mwl_Nidhamu_Tandahimba
Habari wakuu. Shule inaandika upya kanuni za ukaguzi. Wasichana wana matranka 64, wavulana 58, na kidato cha tano wana makabati ya mbao. Kanuni iliyopo ni mstari mmoja: "Uongozi una haki ya kupekua wakati wowote." Bodi inataka irekebishwe kabla fomu za kujiunga hazijachapwa. Niandike nini?

Wakili_Ligula
Mwalimu, mstari huo ufute. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na haikumtoa mwanafunzi. Ibara hiyohiyo inasema sheria ndiyo itakayoweka hali, namna na kiasi cha kuingilia faragha. Kanuni ya shule si sheria ya Bunge, ila ukijibu maswali hayo matatu umepona. Hali: ukaguzi wa kawaida wa bweni zima, au taarifa mahususi juu ya mtu fulani. Namna: nani anakagua, mbele ya nani. Kiasi: anayetafuta simu hana kazi na barua wala shajara. Orodha ya vitu vilivyokatazwa iwe kwenye fomu ya kujiunga, mzazi asaini. Kisichoorodheshwa mtabishana nacho mpaka kwa Afisa Elimu.

Matroni_Nachingwea
Mie naongeza namna. Bweni la wasichana linakaguliwa na walimu wawili wa kike, si mmoja, na viranja wasiguse chochote. Kiranja anapanga foleni tu. Kila mwanafunzi asimame kwenye tranka lake, afungue mwenyewe, atoe vitu mwenyewe aviweke kitandani. Mwalimu anatazama. Fedha azihesabu mwenyewe kwanza azishike mkononi, maana malalamiko mengi baada ya msako ni ya fedha kuliko ya simu.

Daftari liwe na jina, kidato, namba ya tranka, kitu kilichochukuliwa na hali yake, saa, na saini tatu: mwanafunzi, mkaguzi, shahidi. "Simu moja" haitoshi. Andika rangi, kioo kimepasuka wapi, ina laini ngapi. Ukiacha hayo, siku mzazi anakuja kuichukua utaambiwa ilikuwa nzima.

Muuguzi_Mikindani
Hapo kwenye kutoa vitu kitandani pana shimo. Kuna watoto wenye dawa za kufubaza VVU, za kifua kikuu, za pumu, za selimundu. Kopo likianikwa mbele ya wenzake, siri imetoka na hairudi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda usiri huo, na dozi zikichukuliwa "kwa uchunguzi" mtoto anakatisha dawa.

Dawa ziandikishwe kwa matroni siku ya kuripoti, faragha, mzazi akiwepo. Mtoto awe na kifuko cha kitambaa cha dawa na taulo za kike. Kifuko hicho hakifunguliwi bwenini. Kikitiliwa shaka kinafunguliwa ofisini na matroni peke yake na mwenyewe. Wajanja watajaribu kuficha simu humo, ndiyo, lakini simu ukiipapasa kwa nje unaijua. Ila pampu ya pumu asiandikishe akaiacha ofisini: hiyo akae nayo usiku na mchana.

Patroni_wa_Zamu
Simu: mwanafunzi aizime mwenyewe, iingie bahasha, gundi, saini zenu zikatize mdomo wa bahasha. Usiifungue kusoma meseji.

Hita za kuchemshia maji msizichukulie kama utundu. Hita ya wati 1,500 kwa volti 230 inavuta ampea 6.5 hivi, na wao wanaiunga kwenye nyaya za taa, nyembamba. Waya unachemka ndani ya dari, magodoro yako chini yake. Kwa hiyo mkague na holda za taa, si matranka tu.

Msimu wa korosho tafuteni chupa za maji zenye uraka, pombe ya mabibo. Msizirundike stoo zimefungwa: unaendelea kuchacha, chupa inavimba na kupasuka. Andika kiasi, mwaga mbele ya shahidi. Bangi ni habari nyingine. Usionje, usihamishe, funga chumba, mkuu wa shule apige simu polisi.

Mwl_Nidhamu_Tandahimba
Ahsanteni sana. Na akikataa kufungua kufuli, au yuko likizo ya ugonjwa?

Wakili_Ligula
Akikataa, msivunje papo hapo. Tranka libebwe hadi ofisini likiwa limefungwa, mzazi apigiwe simu, lifunguliwe mbele yake au mbele ya mjumbe wa bodi. Kukataa kuadhibiwe kama kukataa, si kama amekutwa na kitu. Na adhabu yenyewe ina mipaka: viboko visizidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Mgonjwa mngojeni arudi.

Matroni_Nachingwea
Na mkilazimika kukata kufuli, mnunue jipya siku hiyohiyo, funguo zote apewe mwenyewe, asaini. Kufuli za bei rahisi zinashika kutu, kwa hiyo "amekataa kufungua" wakati mwingine ni ufunguo umegoma. Anzeni na tone la mafuta ya cherehani.

Mwl_Nidhamu_Tandahimba
Kifuko cha dawa naingiza kwenye orodha ya mahitaji, sentimita 20 kwa 25. Rasimu naipeleka kwa bodi Ijumaa.