Tupeane uzoefu: karantini na vipimo kwa waliovuka mipaka kwa treni wakati wa korona

Wanajamvi, habari zenu. Ya ndege yameelezwa sana, ya treni machache, na treni ina mitego yake. Kumbukeni tarehe 23 Februari 2020, Austria ilipoizuia pale Brenner, mpakani na Italia, treni ya Venice kwenda Munich kwa saa kadhaa kwa sababu ya abiria wawili tu waliokuwa na dalili. Walipimwa, hawakuwa na virusi.

Naanza na langu. Septemba 2020 nilitoka Köln kwenda London kumuuguza dada yangu. Waliotoka Ujerumani hawakuwa wakiwekwa karantini Uingereza wakati huo, nikaenda kwa amani. Sikufikiria kwamba nabadilisha treni Brussels. Uingereza ilishaiondoa Ubelgiji kwenye orodha yake ya nchi salama tangu tarehe 8 Agosti! Dakika arobaini za kusubiri kituoni zikanipa siku 14 za kujifungia. Dada alikuwa mtaa wa pili, tukawa tunaongea kwa simu. Nililia, sifichi. Jamani, wakati ule ilibidi kuhesabu kila nchi uliyoshuka, hata kama ni kuvuka tu kutoka jukwaa moja kwenda lingine.

#2
Pole sana mkuu. Mimi ilikuwa mwishoni mwa Januari 2021, Paris kwenda London. Cheti cha kipimo kilichofanywa ndani ya siku tatu kabla ya safari kilikuwa lazima, na ukifika bila hicho faini ilikuwa pauni 500. Nilipima Jumanne, safari Ijumaa. Maabara ikasahau kuandika tarehe yangu ya kuzaliwa. Ukaguzi wa kuingia Uingereza unafanyika hukohuko Paris, kituo cha Gare du Nord, kabla hujapanda, kwa hiyo treni ikaondoka nikiiangalia. Cheti kilirekebishwa jioni, lakini Jumamosi kipimo kikawa kimeshapitwa na muda. Nikapima upya, nikalipa upya. Ilibidi ukisome cheti chako neno kwa neno kabla hujatoka maabara: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, siku ya kuchukuliwa sampuli.

#3
Samahani, zile siku tatu zilihesabiwa tangu majibu yatoke?

#2
Hapana ndugu, tangu uchukuliwe sampuli. Wa Ijumaa alipima Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Mimi nilichagua Jumanne nikidhani nawahi, kumbe nilijinyima nafasi ya kurekebisha kosa.

#4
Niliingia London tarehe 16 Desemba 2020. Karantini ilikuwa imeshuka hadi siku 10, na kuanzia siku moja kabla yangu ukiruhusiwa kujilipia kipimo baada ya siku tano kamili. Majibu yakiwa safi, unatoka. Ule utaratibu uliniokoa, nausifu. Mwenzangu wa chumba alikuwa na tiketi ya kurudi Paris. Usiku wa tarehe 20 Ufaransa ikafunga mpaka kwa saa 48, na ilipofungua ikadai kipimo kisichozidi saa 72. Foleni za kupima zikawa ndefu, Krismasi akaila palepale chumbani.

#1
Asanteni sana. Dada alipona, siku ya 15 nilikuwa mlangoni kwake. Waliosafiri kwa treni za usiku, mlioamshwa na wakaguzi wa fomu, leteni yenu.